Chupa ya Mtoto na Kazi ya Mvuke

Jumapili hii tutazungumza juu ya chupa ya mtoto. Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya akina mama, na kwamba mwanamume hana haja ya kuyasoma. Nawaomba wasigeuze ukurasa, kwani habari yenyewe ilianzwa na mwanamume, tena babu mwenye mvi, fundi wa kalibu katika kiwanda kimoja cha plastiki hapa Dar es Salaam, ambaye tumepakana naye ukuta kwa ukuta huku Mbagala.

Binti wa mzee huyo ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akisharudi kazini ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Saa mbili ni jambo jema kwa anayeishi jirani na kazi yake. Kwa anayekaa Mbagala na kufanya kazi Mwenge, saa hizo huishia ndani ya daladala. Basi binti huyo alikuwa akikamua maziwa yake alfajiri, akiyaweka katika friji, na mchana mtoto akiyanywa kwa chupa mikononi mwa msichana wa kazi.

Juma la tatu mtoto akaanza kuharisha. Siku ya pili macho yalikuwa yamedidimia, utosi umebonyea, na akilia hakutoka hata chozi moja. Walimkimbiza zahanati usiku ule ule, akanyweshwa maji ya chumvichumvi kijiko baada ya kijiko hadi alfajiri, akapona. Muuguzi aliyekuwa zamu aliuliza swali moja tu: "Mama, chupa ya mtoto mnaitakasaje?" Binti akajibu kwamba huoshwa kila siku. Muuguzi akasema, "Kuoshwa nimesikia, mama. Nauliza kutakaswa."

Mzee wetu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba neno hilo halikumtoka kichwani juma zima.

Tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Kuosha huondoa maziwa yaonekanayo. Lakini utando mwembamba wa mafuta ya maziwa hujificha katika mikunjo ya chuchu na katika msumeno wa shingo ya chupa, pale kifuniko kinapokazwa, na ndani ya utando huo bakteria huishi kwa raha. Katika joto kama la mji wetu aina nyingine ya bakteria huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Fanya hesabu mwenyewe, tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana.

Nyumbani kwao lilikuwapo jiko la maikrowevu, na wazo la kwanza la mzee lilikuwa lile ambalo lingemjia mtu yeyote: kuitia chupa kavu ndani ya jiko na kuliwasha. Wazo hilo ni baya. Jiko la aina hii, ambalo asili yake ni kazi ya Percy Spencer wa Marekani aliyekuwa akishughulika na mitambo ya rada mwaka 1945, hutoa mawimbi ambayo hutia joto hasa katika maji yaliyomo katika chakula. Plastiki nyingi za chupa huyaacha mawimbi hayo yapite kama dirisha linavyopitisha mwanga. Kijidudu kilichokauka juu ya chupa kavu hakipati joto la kutosha kukiua. Kinachotakasa chupa ndani ya maikrowevu ni mvuke wa maji. Kazi ya mawimbi ni kuyachemsha maji hayo tu, kama kazi ya mkaa.

Mzee alipolifahamu hilo akaacha kulifikiria jiko, akaanza kuufikiria mvuke. Akachukua mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza, akatia maji na chupa mbili, akafunga kwa nguvu za fundi. Baada ya muda mfupi mlango wa jiko ulifunguka kwa kishindo, kifuniko kikaruka, na jikoni pakalowa. Hapakuwa na aliyeumia, isipokuwa heshima ya mzee. Tukumbuke kwamba kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani mililita 5, kikigeuka kuwa mvuke hujaza zaidi ya lita 8. Chombo cha namna hii hakifungwi kama chungu cha dawa. Lazima mvuke uwe na pa kutokea.

Kwa chombo cha pili akaenda upande wa pili wa kosa: akatoboa matundu makubwa katikati ya kifuniko, akatia maji kidogo, kiasi cha mililita 60. Mvuke ulitoka moja kwa moja juu kama moshi wa bomba, na kabla ya dakika sita kwisha maji yalikuwa yamekauka na kitako cha chombo kimeanza kupinda. Hapo tukaketi pamoja na karatasi, mimi nikiwa karani tu. Jiko la wati 800 huhitaji zaidi kidogo ya dakika moja kuyafikisha maji ya mililita 200 kwenye mchemko, na katika dakika tano zinazobaki huweza kugeuza kiasi cha mililita 100 kuwa mvuke. Nusu hutumika, nusu hubaki kulinda chombo. Mililita 60 zisingeweza kufika mwisho wa safari.

Suala la matundu lilimchukua siku nyingi zaidi, na ndilo lililonifundisha mengi. Adui wa mvuke ni hewa. Hewa ni nzito kuliko mvuke, hivyo mvuke hupanda juu ya chombo na hewa hukaa chini. Ukiweka matundu juu, unautoa mvuke na kuibakiza hewa. Ukiyaweka madogo madogo chini, pale ukingo wa kifuniko unapokutana na kitako, mvuke hujaa kutoka juu na kuisukuma hewa itoke kwa chini. Kwa sababu hiyo hiyo chupa husimamishwa kichwa chini, mdomo ukielekea majini: mvuke hupanda ndani yake, hewa huanguka nje, na matone hayatuami. Chupa iliyosimama wima hushikilia hewa yake kama kisima. Chuchu na pete za kukazia hutenganishwa, kila kimoja peke yake, maana mahali ambapo mvuke haukugusa hapajatakaswa.

Chombo cha tatu, basi, kilikuwa na matundu chini, kichanja cha kuinua chupa juu ya maji, na vipini viwili vilivyotokeza nje vya kutosha ili mkono usikutane na mvuke. Hakikuwa na kipande chochote cha chuma, kwani chuma ndani ya jiko hilo huweza kutoa cheche. Mzee alipima pia kimo cha jiko na upana wa sahani inayozunguka. Jambo hilo ni dogo, lakini wapo walionunua vyombo vya namna hii madukani wakakuta vinagonga dari ya majiko yao.

Kujaribu kama kinafanya kazi alipaka ute wa yai ndani ya chupa, juu kabisa karibu na kitako chake, akijua kwamba ute hauwi mweupe na mgumu wote mpaka joto lipite nyuzi 80 hivi. Ulipoiva alikuja kunigongea mlango, mimi nikiwa bado na upara wa usingizi. Binti yake ndiye aliyeuliza kwa sauti ya taratibu, "Lakini baba, ute wenyewe si una maji? Mawimbi si yameupika yenyewe, bila mvuke?" Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akaenda kwenye jiko la mkaa, akateleka sufuria kubwa yenye maji kidogo, akaweka kichanja chake, akapindua chupa juu yake na kufunika. Pale hapakuwa na mawimbi yoyote. Ute ukaiva. Akawa amethibitisha mawili kwa mara moja: kwamba mvuke peke yake unatosha, na kwamba kazi aliyoihangaikia miezi miwili sufuria ya bibi iliweza kuifanya tangu zamani.

Je, kuna faida gani basi kuwa na chombo cha maikrowevu? Ipo, nayo ni muda. Mama anayerudi saa moja usiku hutumia dakika sita badala ya kuwasha mkaa. Umeme wake si mwingi: jiko linalovuta wati 1,200 kwa dakika sita hutumia kiasi kwamba uniti moja ya luku hutosha mara nane. Lakini umeme ukikatika, usimwache mtoto asubiri wala usimpe chupa ya jana. Chemsha chupa na chuchu ndani ya sufuria kwa dakika 10, zikiwa zimezama kabisa na bila mapovu ya hewa ndani.

Kwa msomaji wetu wa Mbeya au Arusha nina neno la pembeni. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto pungufu kwa nyuzi moja. Huko kwenu maji huchemka penye nyuzi 94 au 95, si 100 kama hapa pwani. Mvuke huo bado huua bakteria wa kuharisha, ila usiibe dakika. Hata hapa pwani tusijidanganye kwamba tumefanya kazi ya chumba cha upasuaji. Mitambo ya hospitali hubana mvuke mpaka ufike nyuzi 121, kwa sababu zipo mbegu za bakteria zinazostahimili nyuzi 100. Kwa mtoto mwenye afya mvuke wa nyumbani unatosha; kwa aliyezaliwa kabla ya wakati au mgonjwa, fuata maagizo ya hospitali.

Sasa niseme juu ya mkono wangu. Siku ya kwanza nilipoazimwa chombo cha tatu, nilikifungua mara tu jiko liliposimama, nikiinama kama mtu anayeonja mchuzi. Kifundo cha mkono kilitoka malengelenge manne. Kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto mara saba ya lile la kuyapasha kutoka ubaridi wa bombani, na joto hilo lote mvuke huutua pale unapogusa kitu cha baridi na kurudi kuwa maji. Ndiyo sababu huua vijidudu upesi, na ndiyo sababu uliniunguza. Acha chombo kitulie dakika tano, kisha fungua kifuniko kwa upande wa mbali na uso. Nawa mikono kabla ya kugusa chupa, na usiifute kwa taulo, maana taulo ndilo lenye vijidudu kuliko chupa.

Chombo hakioshi. Maziwa yaliyoganda yakipigwa mvuke huwa maziwa yaliyoganda na kuiva. Brashi, sabuni na maji safi ndiyo mwanzo.

Kuhusu plastiki yenyewe, wasomaji wengine wameuliza kama ina madhara. Chupa za zamani za polikaboneti zilikuwa na kemikali iitwayo bisfenoli A, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2011. Nyingi za siku hizi ni za polipropilini. Hata hivyo mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walionyesha kwamba chupa za polipropilini hutoa chembe ndogo mno za plastiki, na kwamba maji yakizidi moto chembe nazo huzidi. Ushauri wao ni kuisuuza chupa iliyotakaswa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kutochanganyia maziwa ya moto ndani ya plastiki. Kwa mtoto anayepewa maziwa ya unga, ambayo nayo si safi kabisa hata kopo likiwa jipya, Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2007 yachanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70. Yachanganye katika chombo cha kioo, yapoze, ndipo uyamimine. Chupa ya kioo yenyewe ni bora zaidi, kama msichana wa kazi hana mikono ya kuteleza.

Muuguzi yule, kwa upande wake, hakupendezwa sana na chombo alipoonyeshwa. Alisema, "Mzee, umefanya vizuri. Lakini kikombe kidogo kisicho na shingo wala chuchu huoshwa kwa urahisi kuliko chupa, na mtoto hujifunza kukinywea." Nami nasema amenena kweli. Binti hivi sasa hutumia vyote viwili.

Mzee bado ana kile kimoja tu alichokikata na kukiunga kwa mkono wake. Kalibu ya chuma ya kukizalisha kiwandani ni ghali, na hajampata wa kuilipia. Siku hizi jioni hukaa barazani na kisu chake, akichonga ndani ya kitako mstari ulioinuka, kwenye kina cha mililita 200, na juu yake maneno MAJI MPAKA HAPA. Amekwisha kuyafuta mara mbili. Anataka herufi ziwe kubwa kiasi kwamba msichana wa kazi aweze kuzisoma hata asubuhi ya giza, mtoto akilia.