"Jikaze" haijawahi kutibu jino

Kuna neno moja tunalipenda sana huku kwetu, kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, Kerugoya, Embu na Meru: jikaze. Umeachwa? Jikaze. Huna kodi ya nyumba? Jikaze. Jino limekufanya ulale umekaa kitako usiku wa tatu mfululizo, na ukisikia tu daktari wa meno akitajwa viganja vinaanza kutoa jasho? Jikaze bwana, wewe si mtoto.

Leo nataka kubishana na hilo neno. Maoni yangu ni kwamba hofu kali ya daktari wa meno si utoto wala ujinga. Ina chanzo chake na ina dawa yake. Kumwambia mtu ajikaze ndiyo njia ya haraka ya kumfanya abaki nyumbani mpaka jino la kuzibwa liwe la kung'olewa, na la kung'olewa limfikishe wadi.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii kule kutopenda tu. Hakuna mtu huenda kwa daktari wa meno kama anaenda ruracio. Nazungumzia yule msee anayepiga boda usiku wa manane kutoka Chaka hadi Mweiga bila wasiwasi wowote, lakini akikaribia jengo lenye bango la jino anavuka barabara. Nazungumzia yule dada aliyepanga miadi mara nne, na mara zote nne akakumbuka ana shughuli nyingine. Moyo unaenda mbio, tumbo linachafuka, na wengine wanazimia kabisa wakiona sindano. Mimi ni mmoja wa hao waoga, kwa hivyo siwachungulii kupitia dirishani. Tuko ndani pamoja.

Nani alitufundisha kuogopa?

Anza nyumbani. Ni wangapi wetu tulikua tukiambiwa, "Ukiendelea na hiyo fujo nitakupeleka kwa daktari udungwe sindano"? Daktari akageuzwa kiboko cha mzazi. Halafu siku ya kwanza kabisa ya kupelekwa ikawa ile siku shavu limefura na hujala tangu jana. Haikuwa siku ya kukaguliwa, ilikuwa siku ya koleo. Sasa mtoto wa miaka minane atajifunza nini hapo? Atajifunza kwamba kile kiti ni mahali pa kuumizwa, basi.

Si kwamba shida ya meno ni ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015, uliohusisha Wizara ya Afya, ulipata kwamba takriban asilimia 98 ya watu wazima walikuwa na fizi zinazotoka damu, na takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na meno yaliyooza. Yaani ukipanda matatu ya abiria 14 pale Nyeri, karibu kila mtu humo ndani ana sababu ya kukaguliwa. Ni vile tu hakuna anayesema.

Hapo ndipo mduara unapoanzia. Watafiti wa Sweden na Australia wameueleza kwa miaka mingi: unaogopa, kwa hivyo huendi. Hukuenda, kwa hivyo jino linaharibika. Limeharibika, kwa hivyo siku ukifika matibabu ni makubwa na yana uchungu. Yaliuma, kwa hivyo unaogopa zaidi. Ukiangalia vizuri, hofu inajitafutia ushahidi yenyewe.

Mkosaji si sindano, ni kuchelewa

Hili laiti ningeambiwa nikiwa darasa la nne. Dawa ya ganzi inayotumika sana leo, lidokaini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na mwanakemia Nils Löfgren. Ni dawa ya zamani, imezoeleka, na jino ambalo bado halijavimba huitikia ganzi bila matata. Jino likishajaa usaha, mambo yanabadilika. Nyama iliyozunguka mahali penye uvimbe huwa na asidi nyingi, na ndani ya asidi dawa ya ganzi hupata shida kupenya kwenye neva. Ndiyo maana ukaambiwa umechomwa ganzi na bado ukaruka kitini.

Kwa hivyo yule jamaa anayeapa kwamba "ganzi haishiki kwangu" pengine hasemi uongo. Ila kilichomtesa siku hiyo ni zile wiki sita alizongoja. Hata akiwa amechelewa bado kuna njia: daktari anaweza kumwongezea dawa, kumchoma sehemu nyingine iliyo mbali na uvimbe, au kutoa usaha kwanza na kulimaliza jino siku nyingine. Lakini atafanya hivyo akijua unaumia. Ukijikaza kimya kimya, atadhani mambo ni sawa.

Dawa za mtaani

Tunapongoja, tunajitibu. Karafuu, sawa. Mafuta yake yanatuliza kweli, na hata madaktari wa meno hutumia yujenoli inayotoka humo. Maji ya vuguvugu yenye chumvi, sawa pia. Lakini aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye ufizi inaunguza nyama, na unaishia na vidonda viwili badala ya kimoja. Vidonge vikali vya maumivu ukivimeza kila siku bila chakula, tumbo litakuletea bili yake.

Halafu kuna ile ya kwenda kwa kemia kununua amoksilini bila kuandikiwa. Tuelezane ukweli hapa. Jino likishafia ndani, damu haifiki tena humo, na dawa husafirishwa na damu. Vidonge vinaweza kutuliza uvimbe wa nje kwa muda, lakini chanzo kimebaki pale pale ndani ya jino. Wiki tatu baadaye kinarudi, na safari hii kimekasirika zaidi.

Siku ambayo hakuna kungoja

Kuna dalili ambazo ukiziona, hofu yako inabidi ikae kiti cha nyuma hata kama inapiga kelele. Uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni. Mdomo haufunguki vizuri. Kumeza mate ni kazi. Ulimi unahisi umesukumwa juu, sauti imebadilika, una homa, au pumzi inakuwa nzito. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa huu ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake: maambukizi yanayoenea chini ya ulimi, mara nyingi yakitoka kwenye gego la chini, na yanayoweza kuziba njia ya hewa. Jino linaweza kuua. Sisemi hivyo kukutisha, kwa sababu tayari umetishika vya kutosha. Nasema ili ujue siku ya kukimbia na uende hospitali kubwa, kitengo cha dharura, hata kama ni saa nane usiku. Ukikaa mashinani, usingoje asubuhi.

Sasa naingiaje mlango huo?

Kama hizo dalili hazipo lakini jino linahitaji kutibiwa wiki hii, haya ndiyo ninayoyaamini, na mengi yake yana utafiti nyuma yake.

Kwanza, sema kabla hujakaa. Piga simu mapokezi au tuma ujumbe: "Ninaogopa sana, nahitaji mtu mwenye subira." Maneno sita tu. Kliniki ikikucheka, umejua mapema kwamba si ya kwako, tafuta nyingine. Na ukitafuta, hakikisha daktari na kliniki yake wako kwenye orodha ya KMPDC, ile baraza inayosajili madaktari na madaktari wa meno. Orodha iko kwenye tovuti yao. Mtu wa bei ya chini anayeng'olea watu kwenye chumba cha nyuma asiwe suluhisho la hofu yako.

Pili, kubalianeni ishara. Ukiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Hii inaonekana ndogo lakini ndiyo iliyonifungulia mlango mimi. Sehemu kubwa ya hofu si maumivu, ni kule kulala chali mdomo wazi bila uwezo wa kusema lolote. Nilipojua ninaweza kusimamisha, sikuhitaji kusimamisha zaidi ya mara mbili.

Tatu, omba ganzi ijaribiwe kabla ya kuanza. Mruhusu akuguse mahali hapo na useme ukweli. Kuhisi kusukumwa ni kawaida. Kuhisi kukatwa si kawaida, na una haki ya kusema.

Nne, kama wewe ni wa kuzimia ukiona sindano au damu, kuna mbinu iliyojaribiwa Sweden na mwanasaikolojia Lars-Göran Öst na wenzake miaka ya 1980. Unakaza misuli ya mikono, miguu na kifua kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, unaachilia kwa nusu dakika hivi, halafu unarudia mara tano. Inazuia shinikizo la damu kushuka, na kushuka huko ndiko hukuangusha. Kumbe kuna kujikaza kunakosaidia, lakini ni kwa misuli, si kwa moyo.

Tano, uliza kama kuna dawa ya kukutuliza, kidonge au gesi. Si kila mahali wanayo, na inaongeza gharama, lakini kuuliza ni bure. Ukipewa, nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani na usiendeshe chochote siku hiyo.

Na kama jino bado linakupa muda, panda polepole. Sisi ni watu wa mlima, si tunajua hii? Waongozaji wa Naro Moru hawamtoi mgeni getini asubuhi wakamfikisha Point Lenana, mita 4,985, jioni ya siku hiyo. Analala njiani, mwili unazoea, kesho anaendelea. Fanya vivyo hivyo. Siku ya kwanza nenda uone tu sebule ya kliniki. Ya pili, kaa kwenye kiti bila kufungua mdomo. Ya tatu, akague kwa kioo peke yake. Hii ndiyo tiba ambayo wanasaikolojia hutumia kwa hofu za kila aina, na hofu ya meno ni mojawapo ya zile zinazoitikia vizuri.

"Sina pesa"

Kuna jambo moja ambalo halisemwi. Wengi wetu hatuna bima ya mwajiri kwa sababu hatuna mwajiri. Mimi niliacha chuo, naishi kwa kuandika na kuuza bando, na najua bei ya kuokoa jino inavyozidi ya kuling'oa. Pesa ni shida ya kweli. Lakini nimegundua kwamba kati ya vijana, hasa wanaume, "sina pesa" imekuwa blanketi la kufunikia "naogopa". Ya kwanza haina aibu, ya pili ina. Matokeo yake, hata siku pesa imepatikana, simu mpya inanunuliwa na jino linangoja. Na kuzibwa mapema ni bei ya chini kuliko kutibiwa mzizi baadaye, kwa hivyo hofu inakula hata hizo pesa kidogo ulizo nazo.

Wenye kliniki nao, na wanaosimamia hospitali za kaunti zetu, wana deni. Najua foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Sitaki mtu anishike mkono kwa saa nzima. Nataka swali moja kwenye ile karatasi ya kujiandikisha, pale wanapouliza kuhusu kisukari na mzio: "Unaogopa matibabu ya meno? Kidogo, sana, sana kabisa?" Mmarekani Norman Corah alitunga kipimo cha hofu hii chenye maswali manne tu, mwaka 1969. Unakijaza ukiwa bado kwenye benchi. Mgonjwa aliyeulizwa hukaa akatulia, na mgonjwa aliyetulia hamalizi muda wa daktari kwa kusukumana naye. Asiyeulizwa hutoroka, kisha anarudi baada ya miezi minane akiwa kazi mara tatu.

Na wazazi, shosho zetu, mashangazi: acheni kututishia watoto na sindano. Wapelekeni siku ambayo hakuna kinachouma, wapande kwenye kiti, wachezee kile kioo, warudi nyumbani.

Kwako wewe unayesoma haya ukiwa umeegemeza shavu kwenye mto upande ule usiouma: hofu yako haitaisha kabla hujaenda. Usiingoje iishe. Ibebe, nenda nayo, na ukifika pale mapokezi itaje kwa jina. Tuma ule ujumbe wa maneno sita sasa hivi, kabla hujafungua kitu kingine kwenye simu.