Mchezo Upi wa Malori Ulio Bora?

Wenzetu hubishana sana siku hizi juu ya michezo ya kompyuta ya kuendesha malori. Mimi nina neno langu. Euro Truck Simulator 2, uliotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Prague, umependwa kuliko ndugu yake, American Truck Simulator wa mwaka 2016. Sababu si uzuri wa picha tu. Katika ule wa Ulaya dereva huvuka nchi nyingi, na afikapo Uingereza hana budi kushika kushoto. Sisi wa Gisenyi twalijua jambo hilo: lori litokalo Mombasa hushika kushoto Kenya na Uganda, likiingia Rwanda hushika kulia mpaka Goma.

Lakini kompyuta ni ghali. Bus Simulator Indonesia wa mwaka 2017 huchezwa kwa simu, na mchezaji hulipaka basi lake michoro aipendayo. Asiye na kompyuta naye huwa dereva. Kwangu mimi huo ndio wa kwanza.

Hata hivyo tuangalie. Mchezoni lori likipinduka, mchezaji hulipa fedha za hewa na safari huendelea. Mteremko wa kushukia Gisenyi hauna huruma hiyo: breki zikishapata moto hazishiki, wala marehemu haanzi upya. Basi tucheze, ila tusidhani mchezo ni leseni. Nanyi wanafunzi wa zamani mliosomea programu, tutengenezeeni barabara ya Kigali hadi Gisenyi, pamoja na miteremko yake yote.