Dhamana Isikwame Mezani

Anayekamatwa Ijumaa jioni hulala ndani hadi Jumatatu. Jambo hili limekuwa kama ada, na sisi wa Boko, kama walivyo wenzetu wa viunga vyote vya Dar es Salaam, tumekwisha kulizoea hata hatuulizi tena. Kijana kagombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, kachukuliwa, na mama yake anashinda nje ya kituo na chupa ya chai asijue amwendee nani. Tunasema leo kwa uwazi kwamba ada hiyo haina asili katika sheria za nchi hii. Mkuu wa kituo anayo madaraka ya kumpa mtu dhamana siku yoyote, na Bara sheria imetaja saa 24 za kumfikisha mahakamani mtu ambaye kosa lake si la adhabu ya kifo.

Wasomaji wetu walikumbuke jina la Daudi Pete. Hakwenda mahakamani kutafuta sifa. Alitaka kutoka mahabusu. Alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kilikataza asipewe dhamana, hata hakimu angeona anastahili. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kuwa katazo lile linapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubaliana naye kwamba katazo lile haliwezi kusimama.

Hukumu ile husemwa vibaya mitaani, kwa hiyo tuieleze. Mahakama haikusema kila mshtakiwa apewe dhamana. Wala haikukubali kuwa kumnyima mtu dhamana ni sawa na kumhesabu mkosaji. Ilisema kwamba uhuru wa mtu unaweza kuondolewa kwa utaratibu uliowekwa na sheria tu, na kifungu kile hakikuweka utaratibu wowote. Tena kilikuwa kipana mno. Kilikuwa juya, nalo juya wavuvi wa Mafia na Pemba wanalijua: hukokota papa na vidagaa pamoja, aliye hatari kwa jamii na asiye hatari.

Mahakama ilipata wapi nguvu hiyo? Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama ilifungua mjadala wa Katiba, wananchi wakasema yao, na mwaka 1984 haki za binadamu zikaandikwa ndani ya Katiba. Serikali ikajipa miaka mitatu ya kuzisafisha sheria zake, hadi Machi 1988. Tunalirudia hili kwa sababu wako makada wenzetu ambao kila mahakama inapotengua kifungu husikitika kana kwamba Chama kimeshindwa uchaguzi. Wenzetu hao wamesahau nani aliyeruhusu mizani iletwe sokoni.

Visiwani jambo hili lina kumbukumbu chungu zaidi. Tangu mwishoni mwa mwaka 1997 walianza kukamatwa watu ambao hatimaye walifika 18, wanachama wa CUF, wakashtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uhaini hauna dhamana. Waliachiwa Novemba 2000, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, nayo ni Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo shtaka lile halikuweza kuwapo kisheria. Tunajua kuwa hukumu ile iliwaudhi wengi Unguja na Pemba kwa jinsi ilivyogusa hadhi ya Zanzibar, na mjadala huo una mahali pake. Sisi leo tunahesabu muda. Watu walikaa ndani zaidi ya miaka miwili kwa kosa ambalo sheria haikulitambua.

Wala muda huo haukuwa wa mwisho. Masheikh wa Uamsho walioshtakiwa Bara kwa ugaidi mwaka 2014 walibaki mahabusu hadi Juni 2021, mashtaka yalipofutwa. Hatusemi walikuwa na hatia au hawakuwa nayo. Hakuna hukumu iliyosema hivyo, na hilo ndilo linalotusumbua. Mtoto aliyezaliwa mwaka walioingia alikuwa shuleni walipotoka, na upelelezi ulikuwa ukitajwa kila kesi ilipoitwa.

Mahakama imeendelea kulipima jambo hili. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama ya Rufani iliondoa kifungu kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, ilikataa kuondoa orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Tunaiheshimu hukumu hiyo ya pili. Lakini ikiwa orodha inabaki, wapelelezi hawana tena udhuru wa kwenda polepole.

Sisi tuliokaa chuoni na juzuu kabla ya kukaa shuleni na daftari tulifundishwa kuwa mdhamini ni mtu anayeweka shingo yake mahali pa mwenziwe. Ni kazi nzito, na anayeikubali hastahili kusumbuliwa. Lakini huyu ndiye anayeambiwa alete barua ya mtendaji wa mtaa, naye mtendaji hayupo. Au barua ya sheha, naye sheha kaenda mazikoni. Au muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko semina. Pengine huombwa chochote cha karatasi na wino. Ndugu yake anapelekwa Segerea, na kutoka Boko kwenda kumtazama ni daladala mbili au tatu, na siku nzima ya kazi imepotea.

Kwa hiyo tunawaambia watendaji wa mitaa, masheha na wakuu wa vituo. Barua ya mdhamini iandikwe siku ileile inapoombwa, bila malipo, na Jumamosi awepo mtu mwenye muhuri. Saa ya kukamatwa iandikwe kitabuni mbele ya aliyekamatwa, naye asomewe. Na wakuu wa wilaya, wanapokagua vituo na ofisi za mitaa, waanze na kitabu hicho kabla ya kukaribishwa chai.