Deni si Mizani ya Uaminifu

Dawa ya deni ni kulipa. Neno hili, msomaji, umelisikia tangu utoto wako. Lakini mlipaji hulipa kwa mshahara, na mshahara hutoka kazini. Basi ni hekima gani kumnyima mtu kazi kwa sababu ana deni? Huko ni kumfunga mtu mikono, kisha kumlaumu kwa kuwa halimi.

Mfikirie kijana aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, karibu na Nakuru. Alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995. Mwaka mmoja baada ya masomo deni hilo huanza kudaiwa, awe ameajiriwa au hajaajiriwa. Akakopa nauli kwa simu, akaenda Naivasha kutafuta kazi katika mashamba ya maua, akarudi mikono mitupu. Siku za kulipa zikapita. Jina lake likapelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, ambayo watu huyaita CRB. Huko habari mbaya hukaa miaka 5 hata baada ya deni kulipwa. Kisha akaona tangazo la kazi ya umma linalodai vyeti: cha mwenendo mwema, cha kodi, cha maadili, cha Bodi ya Mikopo, na cha CRB. Hakuiba kitu, ila anadaiwa. Na hilo latosha kumfungia mlango.

Waajiri husema kwamba aliyelemewa na madeni hushawishika upesi kuiba. Kwa karani wa benki, ashikaye fedha za watu, hoja hii ina uzito. Lakini deni la mwalimu linahusu nini ubao na chaki? Na mwizi wa mali ya umma, je, hawezi kuwa na cheti safi? Aibaye mamilioni hana haja ya kukopa nauli.

Bonde la Ufa lilikwisha kuona karatasi za namna hii. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha chuma. Setla aliandika humo siku za kazi na mshahara. Sisemi kwamba cheti cha leo ni kipande: kile kilikuwa shuruti ya ubaguzi, na mkopo huchukuliwa kwa hiari. Lakini vyote viwili humtanguliza mtu kwa karatasi asiyoiandika yeye.

Mwaka 2020 kanuni zilikataza kuwaorodhesha watu kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, mwajiri asidai vyeti ila akikusudia kumpa mwombaji mkataba. Hatua hizi ni njema. Lakini kizuizi kimesogezwa tu kutoka mlango wa nje hadi mlango wa ndani. Hakikuondolewa.

Msomaji, kesho utaomba kazi, na kesho kutwa huenda ukawa mwajiri. Ukiwa mwombaji, lipa deni lako, kwa maana deni ni ahadi. Ukiwa mwajiri, pima kazi ya mikono ya mtu kabla ya kupima mfuko wake. Mpe kazi, naye atalipa.