Tumwige Sherlock Holmes Macho, Tusimwige Kiburi

Wahenga walisema kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Methali hii ilinijia akilini hivi karibuni hapa Giteranyi, kaskazini-mashariki mwa Burundi, nilipowasikia askari vijana wakizungumza baada ya zamu juu ya mpelelezi wa hadithini, Sherlock Holmes. Mmoja wao alimtazama mwenzake viatuni, akakunja uso kama mtu mwenye hekima nyingi, kisha akamwambia alikotoka, alichokula na kiasi cha fedha kilichobaki mfukoni mwake. Yote matatu hayakuwa kweli. Wakacheka sana, nami nikacheka pamoja nao. Lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu nitakayoieleza.

Sherlock Holmes alizaliwa kwa kalamu ya Arthur Conan Doyle, daktari wa Uskochi, mwaka 1887. Doyle alimchukulia mfano mwalimu wake wa udaktari mjini Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa hodari wa kutambua kazi na safari za mgonjwa kwa kumtazama tu. Hadithi za Holmes zilizotoka mkononi mwa Doyle ni 60: ndefu 4 na fupi 56. Lakini hadithi za waliomwiga, na hasa za waliomwiga ili kumcheka, hazina idadi.

Dhihaka hiyo ilianza mapema. Mwaka 1892 Robert Barr alimwandika mpelelezi aitwaye Sherlaw Kombs. Mwaka 1906 Mfaransa Maurice Leblanc alimkutanisha mwizi wake hodari, Arsène Lupin, na Holmes mwenyewe; Doyle alipolalamika, Leblanc akahamisha herufi moja tu, na mpelelezi akawa Herlock Sholmès. Naye Mmarekani Mark Twain, mwaka 1902, alimpeleka Holmes kwenye kambi ya wachimba madini huko California. Pale mauaji yakatokea, Holmes akatoa hoja ndefu zenye kushangaza, na hoja hizo zikampeleka upande usio wake. Kumbe mwuaji alikuwa mpwa wake mwenyewe, aliyekuwa karibu naye.

Mtu aweza kusema kwamba huo ni mchezo wa waandishi wenye wivu. La hasha. Doyle mwenyewe alishiriki. Mwaka 1922 aliandika kisa kifupi mno kwa ajili ya maktaba ya nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza. Katika kisa hicho Daktari Watson anajaribu ufundi wa rafiki yake. Anamwona Holmes hakunyoa ndevu, basi anakata shauri kwamba mawazo yamemzonga. Anaona amevaa koti na amepokea barua ya mtu aitwaye Barlow, basi anasema kuna kesi mpya. Holmes anamjibu kwa upole: hakunyoa kwa sababu wembe wake umepelekwa kunolewa, na huyo Barlow ni daktari wake wa meno.

Ndugu zangu askari na polisi, mimi naamini kwamba kisa hicho kifupi kina faida kwetu kuliko hadithi nyingi ambamo Holmes hushinda. Katika hadithi ya kawaida mwandishi ndiye aliyeficha jibu, na ndiye anayempa mpelelezi wake. Holmes hawezi kukosea, kwa kuwa aliyemwumba hataki akosee. Sisi hatuna mwandishi wa kutulinda. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Sasa nieleze uchungu wangu. Nilipokuwa luteni kijana, katika kambi moja nisiyoitaja, dumu la mafuta ya taa lilikosekana ghalani. Nikasimama uani nikiwatazama watumishi wakipita. Mpishi mmoja, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alipita huku nguo yake ikinuka mafuta ya taa. Basi! Mbele ya wenzangu nikapanga hoja zangu moja juu ya nyingine: harufu, mlango wa jiko ulio karibu na ghala, haraka aliyokuwa nayo. Wenzangu wakanistaajabia. Mzee yule akalala mahabusu siku mbili.

Siku ya tatu mtunza ghala alirudi kutoka likizo, akafungua daftari lake. Dumu lilikuwa limepelekwa kituo kingine, na sahihi ya aliyelipokea ilikuwapo. Ile harufu ilitokana na taa ya nyumbani kwake mzee, ambayo alikuwa ameijaza asubuhi ile kwa mafuta aliyoyanunua sokoni. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunitukana. Aliniambia neno moja tu: “Afande, mimi sikuulizwa, nilielezwa.”

Neno hilo sijalisahau, wala siombi nilisahau. Nilikuwa nimemwiga Holmes kiburi chake, nikaacha macho yake. Mwenye macho angeanza na daftari.

Jambo hili halikunipata mimi peke yangu, wala halikuanzia Afrika. Mwaka 1903 nchini Uingereza, kijana mwanasheria George Edalji, ambaye baba yake alikuwa kasisi mwenye asili ya Kihindi, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kujeruhi mnyama usiku mashambani. Polisi walikuwa wamekwisha kumshuku, na kila walichokipata walikilazimisha kikubaliane na shaka yao. Alipofunguliwa, Doyle alikwenda kuonana naye. Akamkuta anasoma gazeti akiwa amelisogeza karibu sana na macho. Mtu asiyeona vizuri mchana, angewezaje kuvuka mashamba gizani na kufanya kazi ile? Doyle hakuishia hapo. Aliyasoma majalada, akachunguza, akaandika magazetini mwaka 1907, na mwaka huo huo Edalji akasamehewa. Tazameni tofauti: polisi walianza na mtu, wakamtafutia ushahidi. Doyle alianza na ushahidi, ukamwokoa mtu.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuiga ni kubaya. Kuiga kwema kupo, na katika lugha yetu ya Kiswahili tunao mfano mzuri. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipoandika “Mzimu wa Watu wa Kale”, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko na rafiki mwaminifu, Najum, kama vile Holmes alivyo na Watson. Lakini hakuuleta ukungu wa London. Bwana Msa ni mtu wa Unguja, anayewajua watu wa Unguja na mambo yao. Na zaidi ya hayo, kitabu cha mwaka 1984 mwandishi alikiita “Kosa la Bwana Msa”. Shujaa ambaye jina lake laweza kuwekwa karibu na neno kosa ndiye shujaa anayetufaa.

Vivyo hivyo Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, hakuficha heshima yake kwa hadithi za Holmes. Lakini alichochukua humo ni subira ya kukusanya vumbi, nyuzi na alama za vidole. Hakuchukua kiko wala majigambo.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 yasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka sheria ithibitishe kosa lake. Sheria hiyo haitekelezwi Gitega wala Bujumbura peke yake. Hutekelezwa kizuizini barabarani, sokoni, na usiku katika kituo kidogo ambako koplo mmoja ana ufunguo wa mahabusu mkononi.

Basi vijana wa Giteranyi na waendelee kusoma hadithi zao na kuchekeshana kwa viatu vyenye matope. Mchezo huo ni mzuri, kwa kuwa huwakumbusha jinsi ilivyo rahisi kukosea. Lakini zamu inapoanza, kabla ya kumweleza mwananchi alilolitenda, na tumwulize kwanza, kisha tulifungue daftari.