Bata Wageni katika Ua wa Zamani



Kiangazi kilichopita, mama mmoja wa Kabalo, mjane mwenye watoto watano, alikuwa na bata sita nyumbani pake: dume mmoja na majike watano. Akaona heri aongeze watatu, kwa kuwa alitumaini kuuza vifaranga na kulipa ada ya shule ya kifungua mimba wake. Kijana akawaleta kwa baiskeli kutoka kijiji kimoja cha njia ya Nyunzu, wamefungwa miguu, midomo wazi kwa kiu. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Mama akawakata kamba, akawatia bandani pamoja na wenzao, akafunga mlango, akaenda kulala.

Alfajiri alimkuta mmoja amekufa pembeni, kisogo kimechunwa hata mfupa waonekana. Wa pili jicho lake moja lilikuwa limezibwa kwa damu. Wa tatu, mara mlango ulipofunguliwa, aliruka juu ya ua wa matete akashika njia ya mto Lualaba, wala hakuonekana tena. Jirani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwamba bata wale waliuzwa pamoja na dawa mbaya. Na yule mama, ambaye alifahamiana na mwuzaji tangu usichana wao, akakata shauri asimwamkie tena.

Sikilizeni, ndugu zangu. Hapakuwa na uchawi hapo, wala hila ya mwuzaji. Lililowaua bata wale ni banda lililofungwa.

Ndege wafugwao pamoja hupangana kwa daraja. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku tangu utoto wake, aliandika mwaka 1922 kwamba kila kuku ajua nani aweza kumdonoa na nani asimguse. Bata nao wana daraja zao, ijapokuwa si kali kama za kuku. Mgeni aingiapo, mambo yote huvurugika: nani atakula kwanza, nani atalala wapi, nani atamfuata dume. Hawana budi kupimana nguvu upya. Mahali penye nafasi jambo hilo huisha upesi, maana aliyeshindwa hukimbia, na kukimbia kwake ndiko kukiri kwamba ameshindwa. Mshindi huridhika, akarudi kula. Lakini ndani ya banda aliyeshindwa atakimbilia wapi? Yu pale pale mbele ya adui yake, naye adui adhani kwamba bado anashindana. Basi humdonoa mpaka asubuhi.

Tena tusisahau bata wetu ni wa namna gani. Wengi tunafuga wale wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele bali hupumua kwa ukali kama nyoka. Asili yao ni Amerika ya Kusini, ambako wenyeji waliwafuga kabla ya Wazungu kufika. Dume lao huweza kuzidi kilo 4, na jike huwa karibu nusu ya hapo. Wana kucha kali na mabawa yenye nguvu, nao huruka vizuri kuliko bata wengine wa nyumbani. Mwenye kudhani kwamba bata ni mpole kwa sababu atembea kama mzee aliyeshiba, na amwulize mtoto aliyewahi kumkamata kwa miguu!

Afanyeje basi mwenye kuleta wageni? Kwanza awatenge kabisa, mbali na wenzao, kwa majuma matatu au manne, wakiwa na chombo chao cha maji na cha chakula. Hapo sisemi habari za vita, bali za ugonjwa. Bata aweza kuchukua kideri bila kuonekana mgonjwa, akawaambukiza kuku wa nyumba nzima. Na mwaka 2017 mafua ya ndege, yale yaitwayo H5N8, yaliingia nchini kwetu upande wa Ituri, kwenye ukingo wa Ziwa Albert, yakaua bata na kuku vijijini. Anayewatunza wageni awahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha anawe mikono. Akiona kuhara, makamasi au mabawa yaliyolegea, asiwachanganye.

Majuma hayo yakiisha salama, ndipo awahamishe karibu. Achukue pembe moja ya ua, aizungushie fito au mianzi, nafasi kati ya fito iwe ya kupita vidole viwili, si kichwa. Wageni wakae ndani, wenyeji nje. Siku za kwanza mtaona dume la zamani likienda na kurudi kando ya ua ule, likitikisa kichwa na kuinua kishungi. Mwacheni. Apige fito apendavyo. Fito hazina jicho la kung'olewa. Muwape chakula saa moja pande zote mbili za uzio, ili wazoee kula wakitazamana. Baada ya juma moja au mawili huchoka na ukali wake. Mkiona wanalala karibu karibu, huku na huku ya fito, saa imefika.

Wengine hupenda kuwaingiza wageni usiku, wakisema gizani hawaonani. Mimi siwasifu. Kwa ndege waliokwisha kuzoeana yaweza kufaa, lakini kumbukeni kwamba bata huamka kabla yenu. Afadhali kuondoa fito asubuhi, siku ambayo mmoja wa nyumbani hana safari. Waacheni wote nje, mahali wazi, na chakula kiwe katika vyombo vitatu au vine vilivyo mbalimbali, vilevile maji. Pumba za mahindi na maganda ya muhogo yaliyopikwa yatosha. Mkiwa na mchwa wa kuwatupia, ndiyo karamu. Simamisheni pia mkeka mkuukuu au vifurushi vya matete hapa na pale, ili anayefukuzwa apotee machoni pa anayemfukuza. Kudonoana kidogo, kuvutana manyoya, hayo yapite. Mkiona mmoja amelaliwa chini na kushikwa kisogo asiweze kuondoka, au damu imetoka, mtengeni mara moja, maana damu huwaita wengine.

Mara nyingi mkorofi ni mmoja tu. Basi, badala ya kumwondoa mgeni tena, mfungeni huyo mkorofi peke yake siku tatu au nne. Akirudi ataona kwamba mambo yameendelea bila yeye. Sasa ndiye mgeni, na ukali wake umepungua. Njia hii nimeiona ikisaidia pale ambapo nyingine zilishindwa.

Msilete mgeni mmoja peke yake, kwa kuwa mapigo yote yatamwangukia yeye. Wala msilete dume la pili kwa majike watano: dume mmoja yamtosha majike wanne au watano, na madume wawili watawachosha majike hata kuwazamisha majini. (Nuhu alitia wawili wawili katika safina, lakini kitabu hakituambii walivyokuwa wakiamka asubuhi.) Vifaranga msiwatupe kati ya wakubwa mpaka wakaribie kimo chao. Na jike alaliaye mayai, ambaye kazi yake ni siku 35, aachwe kwa amani. Ngojeni aanguliwe na watoto wapate nguvu, ndipo mfikiri habari za wageni.

Wengi wataniambia: Bwana, majuma matano au sita kwa ajili ya bata watatu? Naam. Mjane wetu alipoteza wawili kwa usiku mmoja, na ada ya muhula ikakosekana.

Alipoelezwa hayo alinyamaza kitambo. Kisha Jumapili, baada ya Misa, alimfuata yule mwuzaji penye kivuli cha mwembe, akamwamkia, akamwambia yote, hata lile neno la dawa. Mwuzaji alicheka sana, kisha akakasirika kidogo, kisha akamwuzia majike wawili kwa malipo ya mara mbili. Wamekaa mbali majuma matatu pamoja na yule wa jicho moja, halafu nyuma ya fito siku kumi na mbili. Fito ziliondolewa Jumatatu. Dume la zamani liliwafukuza mara mbili kuzunguka mwembe, likarudi kwenye pumba. Yule wa jicho moja hula daima ubavu wake mzima ukielekea wenzake, na chombo chake mama amekiweka peke yake, karibu na mlango wa jikoni.