Kasri ya Pujini Nayo Yataka Mchezo Wake

Mchezo wa televisheni uitwao The Tudors, ulioonyeshwa kuanzia 2007 hadi 2010, umewafanya watu wengi duniani wazijue fitina za kasri ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliyetawala tangu 1509 hadi 1547. Wake sita aliwaoa. Wawili kati yao, Anne Boleyn mwaka 1536 na Catherine Howard mwaka 1542, walikatwa vichwa.

Hapana shaka mchezo huo unavutia. Hata hivyo, mwalimu wa historia hawezi kuutumia darasani bila ya kuusahihisha. Dada wawili wa mfalme wamefanywa kuwa mtu mmoja, naye anaozwa kwa mfalme mzee wa Ureno na kumwua. Ukweli ni kwamba Mary, dada wa Henry, aliolewa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1514, naye mume huyo akafariki mwanzoni mwa 1515 kwa maradhi. Kwa watu wa mwambao huu kosa hilo si dogo. Ureno ya zama hizo haikuwa ya kuchekesha: mwaka 1505 majeshi yake yaliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Pemba nayo ina kasri yake. Kusini-mashariki ya Chake Chake, katika kijiji cha Pujini, yapo magofu ya ngome ambayo wataalamu wa mambo ya kale wanaihesabu kuwa ya karne ya 15, karne ile ile ambayo ukoo wa Tudor ulishika ufalme. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja mtawala wake kwa jina la Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakamua wanaume. Inasimuliwa kwamba wake zake wawili walioneana wivu hata kisima kikatiwa ukuta katikati, wasionane wakiteka maji. Inasimuliwa pia kwamba raia walibebeshwa mawe ya ngome vichwani huku wakijikokota kwa kukaa chini.

Mtungaji wa michezo angevutiwa upesi na kisima. Lakini wananchi wa Pemba hawakumpa mtawala huyo jina kwa ajili ya wake zake. Walimpa kwa ajili ya mawe. Huo ndio uzito wa masimulizi haya: yamehifadhi hukumu ya waliobebeshwa mzigo, ambayo michezo mingi ya kifalme huipitia kwa haraka.

Zanzibar imekuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Chombo hakikukosekana. Kinachotakiwa ni walimu wa Pemba kuwaongoza wanafunzi wao wayaandike masimulizi ya Pujini kutoka kwa wazee walio hai, na maofisa wa utamaduni na utangazaji kuyatengenezea mchezo, wakitenganisha wazi yaliyochimbuliwa ardhini na yanayosimuliwa barazani. Wazee hao hawatangoja.